Kutoka Dodoma hadi Lagos ya Ureno: viza, njia, maji ya bahari na mji mkongwe

Kosa la kwanza hutokea kabla ya begi kufungwa. Ukiandika "Lagos" kwenye tovuti ya tiketi za ndege, utaletewa Nigeria. Lagos ya Ureno haina uwanja wa ndege za abiria. Unaruka hadi Lisbon au Faro, kisha unamalizia kwa basi au treni. Kwa hiyo tafuta tiketi ya Lisbon (LIS), na mji wenyewe uuache kwa hatua ya pili.

Mji huu uko kusini mwa Ureno, mkoa wa Algarve. Ni mji mdogo wenye ukuta wa mawe na bandari ya mto Bensafrim, na ukitoka nje ya ukuta kuna majabali ya rangi ya asali yaliyotobolewa mapango na bahari. Watalii wengi huujia kwa ajili ya ufukwe. Mtanzania ana sababu kubwa zaidi. Hapa ndipo jahazi za Mwanamfalme Henrique wa Ureno zilipokuwa zikitoka karne ya 15 kwenda pwani ya Afrika Magharibi, na hapa ndipo Waafrika waliotekwa waligawanywa hadharani mwaka 1444. Mwendo ulioanzia huku ndio uliomfikisha Vasco da Gama pwani yetu mwaka 1498, na Mreno mwenzake Francisco de Almeida akaivamia Kilwa mwaka 1505. Siku mbili kamili zinatosha kuuona vizuri. Siku tatu ni bora, ukiongeza Sagres.

Karatasi kwanza

Ureno iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya muda mfupi inaruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini yanaweza kuvutwa hadi 45. Ukianza miezi mitatu kabla, utalala usingizi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai kwa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifikie angalau euro 30,000 na iseme wazi kwamba inafanya kazi nchi zote za Schengen. Bima inayotaja Ureno peke yake hurudishwa.

Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Mtu anayekwenda Paris siku tano na Ureno siku tatu anaomba kwa Wafaransa. Na kwa kuwa nchi moja ya Schengen inaweza kuishughulikia viza ya nyingine, thibitisha ni ofisi gani inayopokea maombi ya Ureno kabla hujalipia chochote. Aliyeko Dodoma ajipange kwenda Dar es Salaam mwenyewe, kwa sababu alama za vidole haziwakilishwi na ndugu. Kama ulishazitoa kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita, zinaweza kutumika tena.

Yanayokwamisha maombi yanajulikana. Taarifa ya benki inaonyesha salio dogo miezi yote, halafu milioni kadhaa zinaingia wiki moja kabla ya maombi bila maelezo. Tarehe za hoteli haziendani na za ndege. Barua ya mwajiri haitaji siku ya kurudi kazini. Mtumishi wa umma aanze na kibali cha safari na barua ya likizo, maana hizo huchukua muda wake na ndizo zinazoonyesha kwamba una kitu cha kurudia nyumbani. Mfanyabiashara aambatanishe leseni na cheti cha mlipakodi. Mwenye mwaliko wa mkutano Lisbon aweke barua ya mwaliko pamoja na ratiba ya siku za ziada za Lagos, hoteli ikiwa imeshikwa kwa masharti ya kufuta bila gharama.

Njia

Treni ya SGR ya haraka kutoka Dodoma hufika Dar kwa chini ya saa nne, lakini usifunge ndege ya usiku kwa treni ya jioni hiyo hiyo. Ondoka siku moja kabla. Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Lisbon. Njia za kawaida zinapitia Istanbul, Doha au Dubai, na kwa njia hizo Lisbon ndiyo mlango wako wa kwanza wa Schengen. Ukipitia Amsterdam, ukaguzi wa uhamiaji unafanyika huko, hivyo hakikisha una saa mbili au tatu kati ya ndege na ndege. Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo mpya wa kusajili wageni kwa picha na alama za vidole mpakani, na foleni ya Lisbon inaweza kula saa kadhaa. Usinunue tiketi ya basi ya saa moja baada ya kutua.

Kutoka uwanja wa Lisbon, panda metro ya mstari mwekundu na ushuke kituo cha tatu, Oriente. Stesheni ya treni na kituo cha mabasi viko mahali pamoja hapo. Basi la moja kwa moja hadi Lagos huchukua kama saa nne. Treni nayo ni karibu saa hizo hizo, ila unashuka Tunes na kubadili kuingia treni ya mkoa inayoishia Lagos. Mwenye mabegi makubwa achukue basi. Mwenye begi moja achukue treni, kwa sababu kiti kina nafasi na njia ni nzuri kutazama. Tiketi za vyote viwili hushuka bei ukinunua mapema. Tatizo la treni za Ureno ni migomo: ukiona neno *greve* kwenye tovuti ya shirika la reli, hamia basi siku hiyo hiyo kabla viti havijaisha.

Angalia saa kwa makini. Ureno iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi chao, na ratiba zao hutumia saa 24. Tiketi ikisema 14:30, ni saa 8:30 mchana. Stesheni ya treni ya Lagos iko ng'ambo ya mto. Unavuka daraja la waenda kwa miguu kwenye gati la mashua za starehe, na kwa robo saa uko mji mkongwe. Teksi haihitajiki, labda uwe na mzee au watoto wadogo.

Mwezi mzuri ni Mei, Juni au Septemba. Julai na Agosti vyumba hupanda bei kupita kiasi na fukwe hujaa mpaka hakuna pa kutandika kanga. Novemba hadi Februari ni mvua na upepo, safari nyingi za mashua husimama, ila makumbusho hubaki kwa ajili yako peke yako. Beba koti jepesi hata Juni. Mtu wa Dodoma amezoea upepo mkavu, lakini upepo wa kaskazini wa Atlantiki una unyevu na ubaridi unaoingia mifupani jioni. Viatu viwe vya soli ya mpira, maana mitaa imetandazwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na miguu ya miaka mingi, na vikilowa vinateleza. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kule, kwa hiyo nunua adapta ya miguu miwili ya mviringo kabla ya kuondoka. Umeme wenyewe ni volti 230 kama wetu.

Asubuhi ya kwanza: uwanja wa 1444

Uwanja wa Infante Dom Henrique upewe asubuhi ya kwanza, kabla ya bahari. Makumbusho mengi ya mji hufungwa Jumatatu, na mengine hufunga mchana kati ya saa 6:30 na saa 8:00. Anayefika saa 6:15 hupewa dakika kumi na tano za haraka, na mahali hapa hapastahili haraka.

Kwenye kona ya uwanja kuna jengo dogo lenye matao, linaloitwa Mercado de Escravos, yaani Soko la Watumwa. Tangu 2016 ni makumbusho ya njia ya utumwa. Jengo lenyewe ni la mwisho wa karne ya 17, kwa hiyo usisimame ndani ukidhani kuta hizo ndizo zilizoona tukio. Tukio lilikuwa tarehe 8 Agosti 1444, kwenye uwanda nje ya lango la mji. Watu 235, waliotekwa katika pwani ya Mauritania ya leo na msafara wa Lançarote de Freitas, waliteremshwa na kugawanywa mafungu. Mwandishi wa historia wa mfalme, Gomes Eanes de Zurara, aliandika jinsi mama walivyowakumbatia watoto wao na kujitupa chini, baba wakitenganishwa na wana, wengine wakiinua nyuso juu na kulia. Henrique alikuwepo juu ya farasi na akapokea sehemu yake, moja ya tano: watu 46. Sanamu yake, iliyowekwa 1960, imekaa katikati ya uwanja huo huo. Soma maelezo ya makumbusho kwanza, ndipo utoke uitazame sanamu. Ukifanya kinyume, sanamu ndiyo itakayokusimulia.

Mwalimu au mzazi mwenye watoto asichanganye historia mbili. Misafara iliyopita Ugogo na Mpwapwa kwenda Bagamoyo karne ya 19 ilikuwa ya biashara ya Bahari ya Hindi. Ya Lagos ni ya Atlantiki, na imeitangulia kwa miaka 400 hivi. Zina mateso yanayofanana lakini wafanyabiashara, njia na masoko ni tofauti, na watoto wataelewa vizuri zaidi ukiwatenganishia.

Kituo cha pili wengi hukikosa kwa sababu hakionekani. Mwaka 2009, wakati wa kuchimba maegesho ya magari ya chini ya ardhi nje ya ukuta wa zamani, mahali paitwapo Vale da Gafaria, wachimbaji walikuta mifupa ya Waafrika zaidi ya 150: wanaume, wanawake na watoto, waliotupwa kwenye jalala la mji kati ya karne ya 15 na 17. Baadhi walikuwa katika hali inayoonyesha kwamba walifungwa. Vipimo vya vinasaba vya baadhi ya mifupa vilithibitisha asili ya Afrika, na ukaribu na makundi yanayozungumza lugha za Kibantu. Maegesho yalijengwa, na juu yake pakawekwa uwanja wa gofu ndogo ya kuchezea. Ni kama dakika kumi kwa miguu kutoka Soko la Watumwa. Nenda. Hakuna tiketi na hakuna la kupiga picha, na wapo watakaoona ni kupoteza muda. Hao waliozikwa bila sanda wanastahili mtu wa bara lao asimame pale dakika chache, asome Fatiha au sala yake, kila mtu kwa dini yake.

Kanisa la Santo António liko mtaa wa pili kutoka uwanjani. Nje ni la kawaida kabisa, ndani mbao zote zimechongwa na kupakwa dhahabu. Unaingia kwa kupitia makumbusho ya jirani yake, Museu Dr. José Formosinho, ambayo yenyewe inafaa saa nzima. Mengi ya mji wa kabla ya 1755 hayapo tena: tetemeko la tarehe 1 Novemba mwaka huo, na mawimbi yaliyofuata, viliufagia. Ukuta, lango la São Gonçalo na ngome ndogo ya Ponta da Bandeira kando ya maji unavipita kwa miguu ndani ya nusu saa. Katika uwanja wa Gil Eanes kuna sanamu ya Mfalme Sebastião, kazi ya João Cutileiro ya mwaka 1973. Mfalme huyo aliupa Lagos hadhi ya jiji mwaka 1573, na 1578 akafa vitani Morocco.

Bahari: soma maji kabla ya kushuka ngazi

Anayetoka bara anahitaji sehemu hii kuliko zote. Maji ya Lagos hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila mzunguko ukichukua kama saa 12 na dakika 25, hivyo saa ya maji kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hupungua hadi nusu yake au chini zaidi.

Fukwe ndogo zilizo karibu na mji, yaani Batata, Estudantes, Pinhão, Dona Ana na Camilo, zimekaa katikati ya majabali. Maji yakipwa unaweza kupita kutoka ufukwe mmoja hadi mwingine kwa mahandaki madogo na kandokando ya miamba. Yakijaa, njia hiyo hufungwa na wengine hubaki upande usio na ngazi. Pata jedwali la maji kwenye simu, lenye jina la Lagos ya Ureno au Portimão iliyo jirani. Anza matembezi saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na uwe umegeuka kurudi maji yanapoanza kupanda. Usisubiri kuona maji yako wapi. Ukiyaona miguuni, kona uliyopitia nyuma imeshafungwa.

Majabali nayo huanguka. Ni mawe ya chokaa yanayoliwa na mawimbi chini na kulegezwa na mvua juu, na hayatoi onyo. Agosti 2009, ufukwe wa Maria Luísa huko Albufeira, mkoa huu huu, jabali liliporomoka na kuua watu watano waliokuwa wamekaa chini yake. Kanuni ya Wareno ni kukaa mbali na jabali kwa umbali wa mara moja na nusu ya urefu wake: jabali la mita 20, wewe kaa mita 30. Hapo utaona kwa nini jedwali la maji ni muhimu hata kwa asiyeogelea. Maji yakijaa, fukwe hizi nyembamba hazina mita 30, na kivuli kizuri kabisa ndicho kilicho mahali pabaya. Wakati huo hamia Meia Praia, ng'ambo ya mto: mchanga wa karibu kilomita 4 bila jabali. Wenye watoto wadogo waende huko moja kwa moja.

Maji ni baridi hata Agosti. Mara nyingi hayavuki nyuzi 22. Mtu aliyezoea Bahari ya Hindi huishiwa pumzi sekunde za kwanza, kwa hiyo ingia polepole. Bendera ya kijani ni ruhusa, njano ni kuingia bila kuogelea, nyekundu ni marufuku. Walinzi wapo msimu wa kiangazi tu. Ukivutwa na mkondo, usipigane nao kuelekea nchi kavu. Elea, sogea kando sambamba na ufukwe mpaka ukuachie, ndipo urudi. Simu ya dharura ni 112.

Ponta da Piedade, rasi yenye mapango na matao, iko kama kilomita 3 kutoka mjini, na kuna njia ya mbao juu ya majabali. Nenda asubuhi, jua likiwa upande wa mashariki. Kuyaona mapango kwa ndani panda mashua ndogo kutoka barabara ya mtoni. Safari huchukua saa moja na kidogo, bei ikiwa kati ya euro 20 na 30. Chagua asubuhi, kwa sababu upepo huamka mchana na manahodha hukataa kuingia mapangoni. Uliza kama mashua ni ndogo ya kutosha kuingia. Zile kubwa hupita nje tu.

Kula na kulipa

Ukikaa mezani utaletewa mkate, zeituni na siagi bila kuagiza. Si takrima, ukivigusa vitaongezwa kwenye bili. Kama huvitaki, virudishe kwa upole mwanzoni.

Muislamu awe makini kuliko anavyodhani. Nguruwe huingia hata kwenye supu ya mboga na chaza kwa vipande vya soseji. Kariri majina ya nguruwe kwenye menyu: *porco*, *presunto*, *chouriço*, *toucinho* na *banha*, ambayo ni mafuta ya nguruwe na hutumika kwenye baadhi ya keki. Samaki wa kuchoma ndiyo njia salama: dagaa wakubwa waitwao *sardinhas* wakati wa kiangazi, pamoja na viazi na saladi. Ulizia kama jiko la kuchomea ni la samaki peke yake. Soko la samaki la barabara ya mtoni, jengo la mwaka 1924, lina samaki wa alfajiri. Mwenye chumba chenye jiko hula vizuri kwa nusu ya gharama. Jumapili soko hufungwa.

Pesa za simu zetu hazifanyi kazi huko. Beba kadi mbili za benki tofauti na uwaarifu benki kabla ya kusafiri, maana kadi inaweza kufungiwa kwa muamala wa kwanza nje ya nchi. Toa fedha kwenye mashine zenye nembo ya Multibanco. Mashine au kaunta ikikuuliza kama utozwe kwa shilingi, kataa na chagua euro. Kiwango chao ni cha kukuumiza. Migahawa midogo huwa haipokei kadi za kigeni, kwa hiyo kuwa na euro 40 taslimu mfukoni.

Ukiwa na siku ya tatu

Basi la mkoa huenda Sagres, kilomita 33 hivi, karibu saa nzima. Henrique alifia huko mwaka 1460. Ngome iko juu ya rasi tambarare yenye upepo mkali, na ndani kuna duara kubwa la mawe linaloitwa waridi la upepo. Rasi ya São Vicente iko kilomita 6 mbele. Mabasi yanayofika huko ni machache, hivyo piga picha ratiba ya kurudi kituoni Lagos kabla ya kupanda, hasa mwisho wa wiki.

Rudi Lisbon siku moja kabla ya ndege na ulale karibu na Oriente. Mgomo mmoja wa treni au foleni moja ya barabarani hugharimu tiketi nzima ya kurudi Dar, na usiku mmoja wa hoteli ni nafuu kuliko hiyo. Lisbon hutoza kodi ya mgeni ya euro 4 kwa mtu kwa usiku juu ya bei ya chumba. Peremende za lozi na mayai za Lagos, *Dom Rodrigo*, huuzwa zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Nunua asubuhi ya mwisho, weka kwenye begi la mkononi, na zigawe wiki hiyo hiyo ukifika, kwa sababu joto la Dodoma huziharibu haraka.